Dirisha lilitudanganya jina: historia fupi ya maandishi yanayokaa juu ya terminali

Zamu hii hatuandiki historia ya vita wala ya mipaka. Tunaandika historia ya kitu kidogo sana, ule mstari wa maandishi unaokaa juu kabisa ya dirisha la kompyuta. Mtu atasema, jamani, hata huo una historia? Unayo. Na sisi umetugharimu.

Tuanze na yaliyotupata. Katika chumba chetu cha kompyuta hapa makazini, magharibi mwa Uganda, tuna mashine sita na seva moja ndogo inayokaa ndani ya kabati la ofisi. Ndani ya seva tuliweka folda tuliyoiita vyeti. Humo mlikuwa na picha za diplome, biletini za shule na barua za walimu za vijana 63. Ninyi mnaoishi huku mnajua maana yake. Wengi wetu tulikimbia na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, imefichwa ndani ya nguo. Mtu akifika salama anaileta tuipige skana kabla haijachanika.

Sasa, kwenye mashine moja tulitengeneza folda ya mazoezi yenye jina hilo hilo, vyeti, tukaijaza picha zisizo na kazi, ili wanafunzi wajifunze kunakili na kufuta. Jioni moja mwenzetu alikuwa amefungua madirisha mawili meusi. Dirisha moja lilikuwa la mashine aliyoikalia. Kwa lile la pili alikuwa ameingia kwenye seva. Juu ya yote mawili paliandikwa jina lile lile, la mashine ya mazoezi. Akaandika amri ya kufuta folda, akabonyeza Enter. Haikuchukua hata sekunde mbili.

Tulimuuliza: "Ulikuwa ku dirisha gani?"

Akajibu: "Nilizani niko ku mashini yetu. Si iliandikwa pale juu?"

Kweli, iliandikwa. Sote tuliona. Tulikimbilia flashi ambayo tunawekea nakala ya akiba, tukakuta mara ya mwisho ilijazwa mwezi uliopita. Vyeti 50 vilikuwemo, 13 havikuwemo. Kati ya hao 13, tisa bado walikuwa na karatasi zao. Wanne hawakuwa na kitu. Mmoja ni dada yetu ambaye diplome yake ililowa mvua wiki moja baada ya kuipiga skana, na alibakiza siku tatu apeleke maombi ya kusomeshwa. Tutamrudia mwishoni.

Hatukumgombeza mwenzetu. Yeyote kati yetu angefanya vile vile. Ila tulijiuliza: lile jina linaandikwa na nani? Na kwa nini liliandika uongo? Kutafuta jibu kulitupeleka mbali, hadi miaka ya 1960.

Kabla ya kioo

Zamani hizo mtu aliongea na kompyuta kwa teletaipu. Ni kama mashine ya chapa ya ofisini, ila imeunganishwa na waya. Unapiga herufi, zinapita kwenye waya, kompyuta inajibu, na jibu linachapwa kwenye karatasi ya roli mbele yako. Teletaipu iliyosambaa sana ni Model 33, ya kampuni ya Teletype ya Marekani, iliyotoka mwaka 1963. Ilichapa herufi kubwa tu, 10 kwa sekunde.

Mwaka huo huo wa 1963 ilitoka orodha inayoitwa ASCII. Orodha hii inaipa kila herufi namba yake ili mashine za kampuni mbalimbali zielewane. A kubwa ni 65. Lakini namba za mwanzo, tangu 0 hadi 31, hazikupewa herufi. Zilipewa amri. Namba 7 ilipiga kengele, na tunasema kengele ya kweli, ya chuma, iliyomo ndani ya teletaipu, ya kumwita mhudumu aliyekwenda kunywa chai. Namba 27 inaitwa Esc. Yenyewe haichapi kitu. Kazi yake ni kusema: yanayofuata msiyasome kama maandishi ya kawaida, yana maana nyingine. Anayetajwa kama mtu aliyeipendekeza ni Bob Bemer, aliyekuwa akifanya kazi IBM.

Shikeni namba hizo mbili, 7 na 27. Zitarudi.

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell Labs huko New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza Unix, mfumo ambao Linux yetu ya leo inafuata nyayo zake. Waliokuwa wakiutumia walikaa mbele ya teletaipu. Ndiyo maana mpaka leo, ukifungua dirisha jeusi la Linux ukaandika tty, linakujibu. Hizo herufi tatu ni kifupi cha teletaipu. Mashine zenyewe ziko makumbusho, lakini jina lao bado linafanya kazi.

Baadaye karatasi ikaachia nafasi kioo. Mwaka 1978 kampuni ya DEC ilitoa terminali ya VT100, kioo chenye mistari 24 na nafasi za herufi 80 kwa kila mstari. Hapo Esc ikapata kazi nyingi. Esc ikifuatwa na alama ya [ na herufi kadhaa iliweza kusogeza alama ya kuandikia, kufuta kioo, au kukoleza maandishi. Lakini VT100 haikuwa na dirisha, na haikuhitaji jina juu yake. Kioo kimoja, waya mmoja. Ukitaka kujua kinaongea na kompyuta gani, unafuata waya kwa macho.

Madirisha yanazaliwa

Mwaka 1983 chuo cha MIT cha Marekani kilianzisha mradi unaoitwa Athena, wa kuwapa wanafunzi kompyuta zilizounganishwa chuo kizima. Mwaka uliofuata, 1984, Bob Scheifler na Jim Gettys walianza kutengeneza mfumo wa madirisha ulioitwa X. Mwaka huo huo mwanafunzi mmoja, Mark Vandevoorde, aliandika programu ya kuigiza terminali za DEC ndani ya dirisha. Programu hiyo ndiyo xterm. Ipo mpaka leo, na tangu mwaka 1996 anayeitunza ni Thomas Dickey.

Hapo ndipo shida yetu ilipozaliwa. Mtu mmoja, kioo kimoja, lakini terminali nne au tano mbele yake, kila moja ndani ya dirisha lake. Moja inaongea na mashine iliyo mezani, nyingine na mashine ya jengo la pili, na zote zinafanana kama mayai. Hakuna tena waya wa kufuata kwa macho. Dirisha likahitaji jina.

Lakini nani aliandike? Fremu ya dirisha iko kwenye mashine iliyo mbele yako. Anayejua ukweli wa kazi inayofanyika ni programu iliyo kule mbali. Na kati yao kinapita kitu kimoja tu: msururu wa herufi, moja baada ya nyingine, kama enzi za teletaipu. Hakuna waya wa pili wa kupitishia jina.

Basi wakarudi kwenye namba 27. Walikubaliana hivi: ikija Esc, ikifuatwa na alama ya ], hapo ni mwanzo wa ujumbe wa dirisha. Inafuata namba, alafu nukta mkato, alafu jina lenyewe. Na ujumbe unafungwa kwa namba 7, ile kengele ya kumwita mhudumu. Sheria rasmi ilitaka ufungwe kwa alama nyingine, Esc ikifuatwa na mkwaju wa nyuma, na xterm inakubali zote mbili, lakini kengele ndiyo iliyozoeleka kwa watu. Namba ya katikati ikiwa 2, linabadilika jina la juu ya dirisha. Ikiwa 1, linabadilika jina la kile kipicha kidogo ambacho dirisha hugeuka likikunjwa. Ikiwa 0, yote mawili kwa pamoja.

Programu nyingi za terminali zilizokuja baadaye ziliiga desturi hiyo ya xterm. Ndiyo maana ujumbe ule ule unakubaliwa leo kwenye mashine yetu ya Linux, kwenye Mac, na hata kwenye Windows mpya.

Sheli nayo inaingia

Tunaposema sheli hapa hatusemi ile ya kuuzia mafuta ya gari. Sheli ya kompyuta ni programu inayopokea amri zako na kuzitekeleza. Mwaka 1979 Unix toleo la 7 lilitoka na sheli ya Stephen Bourne. Mwaka 1989 Brian Fox alitoa bash, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia. Ukipanga amri nyingi ndani ya faili moja ili sheli izifuate zenyewe, hiyo ndiyo skripti.

Kwa vile jina la dirisha ni herufi tu zinazopita, skripti yoyote inaweza kulibadilisha. Haiombi ruhusa kwa mtu. Inachapa tu:

printf '\033]0;%s\007' "NAKILI: vyeti 12 kati ya 63"

Hizo 033 na 007 ni zile zile 27 na 7, zimeandikwa kwa hesabu ya nane. Ukiweka mstari huo ndani ya skripti ya kunakili, unaweza kulipunguza dirisha, ukaenda kufundisha, ukirudi unasoma juu kazi imefika wapi.

Kwa nini printf na siyo echo? Hapo nako kuna historia yake. Unix iligawanyika matawi mawili makubwa, moja la AT&T na moja la chuo cha Berkeley, na echo ya kila upande ilikuwa na tabia yake. Upande mmoja ilitafsiri alama za mkwaju wa nyuma, upande mwingine ilizichapa kama zilivyo. Kwa hiyo skripti iliyofanya kazi huku, kule ilijaza takataka kwenye kioo. printf haina ugomvi huo.

Watu wakaenda mbele zaidi. Kila bash inapomaliza amri, inachapa alama ya kukwambia iko tayari kupokea nyingine. Umbo la alama hiyo liko ndani ya kigezo kinachoitwa PS1. Basi wakaingiza ujumbe wa dirisha ndani ya PS1, ili kila amri ikiisha jina liandikwe upya. Debian na Ubuntu zinakuja na mpango huo tayari kwa mtumiaji wa kawaida. Ndiyo maana juu ya dirisha unaona jina lako, alama ya @, jina la mashine na folda uliyomo. Na ndiyo maana ukijaribu kuandika jina lako mwenyewe kwa mkono, linafutika mara moja. Siyo kwamba umekosea. PS1 imepita nyuma yako ikaandika la kwake.

Waya mmoja una hatari zake

Kupitisha kila kitu kwenye waya mmoja kuna faida. Mwaka 1995 Tatu Ylönen alitengeneza ssh, njia ya siri ya kuingia kwenye mashine ya mbali. Jina la dirisha lilipita humo bila mtu kuongeza chochote, ju ya kwamba ni herufi kama herufi nyingine. Mashine ya mbali inaweza kuandika jina lake kwenye dirisha lako.

Lakini kama mashine ya mbali inaweza, basi yeyote anayekuletea maandishi anaweza. Baadhi ya terminali zilikuwa pia na ujumbe wa kuuliza: dirisha, unaitwa nani? Na jibu lilirudi kana kwamba mtumiaji mwenyewe ameliandika kwa kibodi. Mwaka 2003 mtaalamu wa usalama, H D Moore, alieleza hatari yake hadharani. Mtu mbaya anaficha ndani ya faili ujumbe wa kubadilisha jina la dirisha, na jina analoliweka ni amri. Alafu anaongeza ujumbe wa kuuliza jina. Wewe unafungua faili usome tu, na ghafla amri yake imekaa mbele yako kama umeiandika wewe. Kilichobaki ni kukushawishi ubonyeze Enter. Baada ya hapo programu nyingi za terminali ziliondoa jibu hilo au zikalizima. Kuandika jina kukabaki, kulisoma kukafungwa.

Kwa nini lilituambia uongo

Sasa turudi kwetu. Mwenzetu alipofungua dirisha, mashine ya mazoezi iliandika jina lake juu kupitia PS1. Alafu akaingia kwenye seva kwa ssh. Seva yetu ilikuwa imewekwa na mtu aliyeondoka zamani, na PS1 yake ilikuwa tupu kabisa: alama ya dola na nafasi, basi. Haikutuma ujumbe wowote wa dirisha. Kwa hiyo hakuna aliyeibadilisha ile ya kwanza, ikabaki pale pale.

Hilo ndilo somo lililotugusa zaidi. Jina la dirisha haliangalii kilichomo ndani. Linaonyesha tu ujumbe wa mwisho uliopokelewa, hata kama aliyeutuma amekwisha kuondoka. Kambini tunavijua vibao vya namna hiyo. Njia panda kuna kibao kinachoonyesha bomba la maji, na bomba lilihamishwa kitambo. Mkaaji wa zamani hapotei, kwa sababu hakisomi. Anayepotea ni mgeni aliyefika jana na jeri kani kichwani. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Aliyehamisha bomba alisahau tu kung'oa kibao.

Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, hapa tunasema na ninyi pia, kwa heshima. Mradi ukiisha, mtu anayeweka mfumo akihama, majina aliyoyaacha yanaendelea kuaminiwa na watu wengine. Kabla ya kuondoka, tafadhali pitieni vibao.

Sisi tumefanya haya. Kwanza, kwenye seva tumeandika PS1 inayotangaza mahali ilipo:

PS1='\[\033]0;SEVA YA KWELI \h\007\]SEVA \u@\h:\w\$ '

Zile alama za \[ na \] msiziache. Zinaiambia bash kwamba yaliyo katikati hayachukui nafasi kwenye kioo. Ukizisahau, mstari mrefu unajikunja vibaya na kujiandika juu yake wenyewe. Tazameni pia kwamba neno SEVA limeandikwa mara mbili, juu ya dirisha na ndani yake. Si kila terminali inaonyesha jina la juu.

Pili, skripti zetu zinazobadilisha jina zinalirudisha zikimaliza, hata zikikatizwa njiani. Amri ya trap ndiyo inayosaidia hapo:

trap 'printf "\033]0;%s\007" "$(hostname)"' EXIT

Tatu, kabla ya kutuma jina, skripti inauliza kwanza kwa [ -t 1 ] kama kweli inaongea na terminali. Vinginevyo, siku majibu yanapoelekezwa kwenye faili, zile alama za Esc zinaingia humo na kuichafua.

Nne, na hili halihusu historia ila ndilo kubwa: kabla ya amri yoyote ya kufuta, tunaandika hostname na kusoma jibu kwa sauti. Jina la juu linaweza kuwa la zamani. Jibu la hostname ni la sasa hivi. Na flashi ya akiba inajazwa kila Ijumaa, mtu wa zamu anatia sahihi kwenye daftari.

Kuhusu wale wanne. Wawili walipata nakala kwa ndugu waliobaki nyumbani, zikapigwa picha kwa simu. Wa tatu bado anasubiri jibu la shule yake. Dada yetu wa diplome iliyolowa hakuwahi tarehe ya maombi. Hatutaandika hapa kwamba mambo yaliisha vizuri, maana hayakuisha vizuri. Anajaribu tena mwakani, na barua ya kueleza kosa lilikuwa la nani tumeiandika sisi na tumeisaini sisi.

Mwenzetu aliyefuta folda ndiye sasa anayefundisha somo la terminali kwa wageni. Siku ya kwanza anawafungulia madirisha mawili yenye jina moja, anawauliza lipi ni lipi. Wanabahatisha. Alafu anawafundisha kuuliza.

Kama kuna kitu hamjaelewa, au mnajua njia nzuri kuliko hii yetu, tuandikieni hapa chini. Na kama una cheti ambacho hakijapigwa skana, usingoje. Chumba kiko wazi Jumatatu hadi Ijumaa, umeme wa sola ukiruhusu.